Kifurushi Sebuleni kwa Mama Kanana

Simu ilinikuta uani nikipepeta ndengu. Alikuwa Kanana mwenyewe, yule ambaye mama yake alibeba jina lake maisha yote, na aliponiita "mwalimu" kwa sauti ya chini nilijua kabla hajasema. Mama Kanana alikuwa ameondoka, usingizini, kwenye kitanda chake mwenyewe huko Mikinduri. Niliweka uteo chini, nikakaa juu ya gunia, nikalia kidogo, halafu nikacheka, kwa sababu kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa uso wake bali sauti yake ikinionya nisimwage chai kwenye kitambaa. Mume wangu alitoka ndani kuuliza kuna nini. Nilipomwambia, aligeuka pale pale. Alirudi chumbani, nikasikia akisogeza masanduku yaliyo juu ya kabati, na alipotoka alikuwa amebeba gita lake kavu, lile lisilohitaji umeme, analifuta vumbi kwa mkono wa shati. Hatukuhitaji kuulizana. Mama yule hangezikwa bila gita.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule uliotangulia mvua kubwa za El Niño. Nilikuwa mwalimu mpya, nimetumwa shule ya msingi moja nje kidogo ya Mikinduri, na baridi ya huko ilinipokea kwa mafua yaliyokaa nami muhula mzima. Mimi ni mtu wa Kiambere, huko Mbeere, ambako jua hupiga mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya stima. Nilipanga chumba cha nyuma katika nyumba ya mbao ya Mama Kanana, mjane wa makamo, mnene, mcheshi, mwenye miguu iliyomsumbua na masikio yasiyopitwa na kitu. Kati ya chumba changu na jikoni kulikuwa na ukuta wa mbao tupu, na kati ya jikoni na sebule ukuta mwingine wa namna hiyo hiyo, kwa hiyo katika nyumba ile siri haikuwa na pa kulala. Sebule ndiyo iliyokuwa fahari yake. Ilikuwa na sakafu ya mbao iliyopigwa nta, makochi yaliyovishwa vitambaa vyeupe vya kushona kwa mkono, kabati la vioo lenye vyombo visivyoguswa na mtu, na ukutani picha ya harusi ambamo marehemu mumewe alionekana kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Tangu mume afariki, chumba kile kilikuwa kikifunguliwa tu kupanguswa. "Nyumba kubwa hivi, na mimi nakula jikoni kama paka," aliniambia wiki yangu ya kwanza, na ingawa alicheka, hakuwa anatania.

Mambo yalianzia buchani. Siku za soko, waimbaji wenye gita walipiga katika baa iliyopakana na bucha, na siku hizo wanawake wa Mikinduri walishikwa na ugonjwa wa kununua nyama polepole. Mwanamke wa kanisa hakuingia baa, hata kumtafuta mumewe, lakini hakuna aliyekatazwa kusimama buchani akichagua mfupa. Nilimkuta Mama Kanana pale Jumamosi moja, ameegemea ukuta, kikapu mkononi, macho ameyafumba, na upande wa pili mtu anaimba juu ya mwanamke aliyepanda migomba siku aliyoachwa, na sasa mume amerudi kwa kuwa amesikia ndizi zimeiva. Nyama ya Mama Kanana ilikuwa imeshafungwa kwenye gazeti zamani na nzi walikuwa wakiijadili. "Mwalimu," akaniambia bila kufumbua macho, "mtu anaimba vizuri hivi halafu wenye kusikia ni walevi. Hiyo ni haki kweli?" Nikamjibu kwa mzaha kwamba basi amwite kwake nyumbani. Alifumbua macho. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, yule mwimbaji alikuwa sebuleni, amekaa kwenye ncha ya kochi akiogopa kuchafua vitambaa, na akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, kila mmoja akijifanya amepita tu kumjulia mwenzake hali.

Ikawa desturi, Jumapili moja kila mwezi, kuanzia mchana mpaka wakati wa kukamua ng'ombe. Mama Kanana aliweka sheria zake na hakuna aliyezipinga. Pombe hapana. Mwimbaji anakula kwanza ndipo aimbe, kwa sababu, alisema, mtu mwenye njaa huimba njaa yake tu. Kila wimbo uelezwe kwa Kiswahili kabla ya kuimbwa, ili "mtoto wangu wa Embu", ndiye mimi, asikae pale kama gunia. Na kila mgeni aje na kikombe chake, maana vile vya kabati la vioo vilikuwa vya kutazamwa. Watu walichoka kubeba vikombe, wakawa wanaviacha, naye akapigilia misumari ukutani kando ya mlango wa jikoni, kila kikombe na msumari wake. Changu kilikuwa cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi kwenye mkono. Mimi nilikuwa mtu wa chai, na wa ucuru, ule uji mchachu wa wimbi ambao wazee waliupenda kuliko chai. Nilipita katikati ya magoti ya watu na birika, na nadhani hakuna mtu aliyesikia nyimbo zile kwa ukaribu kama mimi.

Leo wajukuu wangu wana nyimbo za dunia nzima ndani ya simu, na siwaonei wivu hata kidogo. Hawajui mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno gumu inakuwaje. Hawajasikia vidole vikikwaruza waya, wala kuona mtu amesahau ubeti wake mwenyewe na mama mmoja kwenye kochi la pili anamnong'oneza, kwa kuwa aliusikia buchani. Walikuja watu wa kila aina. Mama mmoja kutoka pande za Chuka aliimba wimbo aliotunga kuwabembeleza mapacha wake, na mapacha wenyewe, wakubwa wenye ndevu, walikaa kando yake wakitazama viatu. Mzee mmoja alitunga wimbo mrefu wa kumsifu punda wake, kuanzia masikio hadi kwato, mkewe akiwa amekaa pale pale akisubiri zamu yake ambayo haikufika. Tulicheka mpaka mwenye punda akakasirika, halafu akacheka yeye. Mkewe hakucheka mpaka alipopewa ndizi na nyama za pili.

Aliyekuwa hacheki sana ni Mzee Ikiara, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Mama Kanana. Alikalia kiti cha ndugu yake, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti, na yeye ndiye aliyetoa baraka kabla ya kuimba. Jioni moja nikiosha vyombo nilimsikia kupitia mbao. Walikuwa wakiongea Kimeru, lakini kufikia wakati huo nilikuwa nimekishika, maana si mbali na Kimbeere changu. "Mama Kanana, nyumba ya ndugu yangu imegeuka baa ya chai," alisema. Naye akamjibu, "Hiyo baa ya chai, mzee, wewe umekunywa vikombe vitatu." Kisha mzee akasema hana shida na nyimbo, ila jina la nyumba ni lake kulilinda, na siku heshima itakapovunjwa katika sebule ile, mlango utafungwa na hautafunguliwa tena. Nilisikia Mama Kanana akimmiminia cha nne, na kifuniko cha birika kikigongagonga. Nikajua hapo kwamba Jumapili zile ndizo zilizomtoa jikoni, na kwamba anaogopa kurudishwa.

Mwimbaji wa Kiambere aliletwa na mimi, au tuseme yeye ndiye aliyenileta mimi, siku hizi hata sijui. Anaitwa Ireri. Alikuwa akiuza ndengu katika soko la kwetu na kupiga gita ili wateja wasimame. Nilimjua kwa mbali tu, kama unavyomjua mtu ambaye mama yako hununua kwake. Nilipokwenda nyumbani likizo ya mwezi wa nne nilimwambia kuna nyumba Meru ambako watu hukaa kimya na kusikiliza, akanitazama kama nimemwambia kuna mahali ng'ombe wanasoma. Lakini alikuja. Aliimba juu ya bwawa, jinsi pale alipochunga mbuzi utotoni sasa ni maji, na kwamba akisimama ukingoni huwaza samaki wakipita katika mlango wa nyanya yake bila kubisha. Hakuwa na sauti kubwa. Aliimba kama mtu anayekueleza jambo mkitembea. Mzee Ikiara alivua kofia, jambo ambalo hatukuwa tumeliona hata wakati wa maombi. Mwezi uliofuata Ireri alirudi ingawa haikuwa zamu yake, akasema amekuja kusikiliza tu, akakaa karibu na mlango wa jikoni, akanywa chai nyingi mno.

Mara ya tatu Mama Kanana mwenyewe ndiye aliyetaka aitwe. "Kijana anatoka mbali," alisema akimenya viazi. "Asisafiri siku moja kama mzigo. Jumamosi alale Laare kwa rafiki yangu Karwitha, apige gita sokoni, watu wamjue. Jumapili aje kwetu." Laare haiko njiani kwa mtu anayetoka Embu kuja Mikinduri, ni kupita mbele halafu kurudi nyuma. Nilifikiri ni mambo ya soko. Karwitha nilimjua, alikuwa mfungaji wa miraa mwenye vidole vya haraka na mdomo wa haraka zaidi, na nyumba yake haikukosa chumba cha mgeni.

Siku yenyewe sebule ilikuwa imejaa. Nilifungua mlango, naye Ireri amesimama pale, gita mgongoni, na mikononi kifurushi kikubwa kimefungwa kwa majani ya mgomba, kamba imepitishwa vizuri, vichwa vyekundu vya miraa vinachungulia juu.

"Karibu," nikamwambia. "Umefika salama?"

"Nimefika, mwalimu. Hii wamenipatia nilete. Wamesema nisiingie kwa watu mikono mitupu."

Nilipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kwa kuwa nyumbani kwetu mgeni hapokelewi kwa mkono mmoja. Kwetu Mbeere watu hutafuna mugukaa, majani tu, na huyabeba kwenye karatasi ya plastiki mfukoni. Kifurushi kwangu kilikuwa kifurushi. Nilikibeba kupita katikati ya watu wote, kutoka mlangoni mpaka mwisho wa sebule, nikakiweka juu ya meza ndogo mbele ya Mzee Ikiara, maana ndiye mkubwa. Nilipoinua macho niliona sebule nzima inakitazama kifurushi. Hata watoto waliokuwa dirishani walinyamaza.

"Hii imetoka kwa nani?" Mzee Ikiara aliuliza.

"Kwa Ireri, mzee."

"Na nani ameipokea?"

"Ni mimi."

"Kwa mikono miwili?"

"Ndiyo, mzee."

Alimgeukia Ireri, ambaye alikuwa bado amesimama akitafuta pa kuweka gita. "Kijana, kwenu kuna watu?"

"Wako, mzee. Baba yuko, mama yuko."

"Wanajua umekuja hapa?"

"Wanajua nimekuja kuimba."

"Kuimba," mzee alirudia, kama anayeonja neno hilo. Akafungua kamba taratibu, akachomoa kijiti kimoja, akakivua ganda kwa meno, akatafuna. Kisha akawapitishia wazee wawili waliokaa kando yake, nao wakatafuna. Akina mama walipasua vigelegele mpaka kabati la vioo likalia. Na Ireri, Mungu ambariki, alidhani anashangiliwa kwa sababu ya wimbo wa bwawa. Aliinama kwa heshima upande huu na upande ule, akakaa, akaanza kukaza waya za gita.

Jikoni nilimkuta Mama Kanana ameshika meza kwa mikono miwili, mabega yanacheka. "Mwalimu, hiyo inaitwa ncoolo," aliniambia alipopata pumzi. "Miraa ya kufungwa hivyo si ya kutafuna tu. Hiyo ndiyo mtu hupeleka akitaka msichana. Wewe umepokea. Umebeba mbele ya watu. Umepelekea mzee, na mzee amekula."

"Lakini mimi si mtoto wa nyumba hii!"

"Unalala wapi? Unakula wapi? Nani hukufukiza na majani ukishikwa na mafua?" Akajipangusa macho kwa leso. "Peleka ucuru, wazee wanangoja."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia Ireri kwa kubeba asichokijua, nikajikasirikia kwa kupokea nisichokijua, na uso wangu uliwaka mchana wote kana kwamba nimeinamia jiko. Baada ya nyimbo, Mzee Ikiara alisimama. Alisema, kwa Kiswahili ili sisi wawili tusije tukasingizia lugha, "Mimi nimeshatafuna, siwezi kutapika. Kama huyu kijana alijua anachofanya, ni mtu mwenye adabu. Kama hakujua, basi nyumba ya ndugu yangu imechezewa mbele ya watu. Sitaki maelezo ya mdomo, mdomo ni rahisi. Atarudi mwezi ujao, mbele ya watu hawa hawa, aseme kwa gita alikusudia nini. Na huyu binti atamjibu. Wakishindwa, hii ilikuwa Jumapili ya mwisho." Ireri alikuwa ameelezwa tayari na wanaume waliokaa karibu naye. Rangi ilikuwa imemtoka. Aliniangalia, akamwangalia mzee, akasema neno moja tu, "Nitakuja." Hadi leo, Ireri huyo huyo, anayekoroma upande wa pili wa kitanda changu, anadai kwamba alijua tangu Laare alichokuwa amebeba. "Nilijua," husema, hasa chakula kikichelewa. Nami humjibu, "Hukujua hata kidogo." Tumelea watoto watano juu ya ubishi huo.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Shuleni wenzangu waliniuliza mbuzi anachinjwa lini, na mwalimu mkuu, mtu mpole asiye na utani, aliniita ofisini kuniuliza kama nitahama. Nilicheka nao, lakini nikirudi nyumbani nilimwona Mama Kanana akipiga nta sakafu ya sebule kwa bidii isiyo ya kawaida, anapanga makochi, anayapangua, na nilijua kwamba sisi wawili, watu wa kuja tulioshindwa kutambua kifurushi, ndio tutakaomrudisha kula jikoni. Hilo liliniumiza. Lakini lililoniumiza zaidi, na nilishangaa nilipoligundua, lilikuwa jingine. Niliogopa Ireri asije akasema kwa gita kwamba yalikuwa makosa. Nilikuwa nikiosha vikombe jioni, na wimbo wa samaki mlangoni kwa nyanya ulikuwa ukinitoka mdomoni wenyewe, na nikafika pale penye kubisha hodi nikanyamaza, kwa kuwa nilijua sasa. Nilimpenda. Nilimpenda tangu kikombe cha chai cha ngapi sijui, na nilikuwa mtu wa mwisho kupashwa habari.

"Mama, nitajibu nini?" nilimwuliza usiku huo tukila.

"Kwani amekuuliza nini? Bado hajaimba."

"Akiimba, basi. Nitasimama niseme nini mbele ya wazee?"

Alimega ndizi, akaitafuna bila haraka. "Wewe unatungia watoto wa shule nyimbo za kunawa mikono. Mimi nimezisikia, na nanawa mikono. Huwezi kujitungia moja?"

"Hizo ni za shule, Mama."

"Sasa hii ni ya nyumbani," akasema, akaomba chumvi.

Siku ilipofika mvua ilikuwa imekaa juu ya vilima vya Nyambene tangu asubuhi. Watu walikuja mapema wakiwa na miavuli na majani ya mgomba vichwani, na wengine ambao hawakuwahi kuja walikuja pia, kwa kuwa habari kama hiyo haifichiki. Ireri alifika amevaa shati jeupe. Alikula kwanza, kama sheria ilivyotaka. Akainua gita, akagusa waya mara moja, na mvua ikashuka. Nyumba yenye paa la mabati ikinyeshewa hamna wimbo, hamna mazungumzo, hamna kitu. Tulikaa. Mimi nimesimama penye mlango wa jikoni na birika, yeye amekaa mbele yangu na gita magotini, na hatukuwa na pa kutazama ila kutazamana. Sijawahi kukaa na mtu kwa namna ile tena. Alitabasamu kidogo, nami nikatabasamu, halafu tukatazama chini. Mzee Ikiara alisinzia. Mvua ilipokatika na matone ya mwisho yakawa yanahesabika, mtu mmoja akamgusa mzee bega.

Aliimba kwa Kiswahili, taratibu, kama kawaida yake. Alisema kuna mtu alipewa mzigo Laare, akaupakata magotini njia nzima, majani yakamlowesha suruali. Sasa wanamwuliza, ulijua au hukujua? Akisema alijua, watasema mbona hakumwambia msichana. Akisema hakujua, watasema ni mjinga, na kweli kwao wajinga wapo. Basi kabla hajajibu, na yeye ana swali moja kwa wazee. Mtu wa Kiambere, kwao kuna chai, kwao kuna maji na sufuria. Kwa nini amevuka Thuci na mito yote iliyo mbele yake, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na leo hii, kuja kunywa chai?

Sebule ililipuka kwa kicheko. Mzee Ikiara peke yake hakucheka, alinigeukia. Nami nilikuwa bado nimeshika birika. Mama Kanana akaja akanitoa birika mkononi, akanisukuma kidogo mgongoni, na nikaimba. Sikuwa nimewahi kuimba wimbo wangu mbele ya watu wazima. Sauti ilianza chini, halafu ikashika njia. Niliimba:

Nilipokea kwa mikono miwili,
ndivyo nilivyofundishwa na mama.
Lango la baba liko Kiambere,
na kwetu miraa haibishi hodi.
Panda kwenye mizinga, toa asali,
ibebe wewe, usitumwe na mtu.
Njoo kwetu ukijua ulichobeba,
utanikuta nimeshafungua.

Kwanza hakuna aliyepiga hata kofi, nami nikageuka kutafuta birika langu. Kisha Mzee Ikiara akaangua kicheko, kicheko kikubwa ambacho sikujua kimo ndani yake, akapiga fimbo sakafuni pale pale penye nta. "Mmesikia?" akawaambia wazee. "Msichana wangu si wa bei rahisi. Amemwambia arudi nyumbani aanze upya!" Alisema "msichana wangu". Akageuka kwa Mama Kanana, akamwambia mwezi ujao wamtafute yule mzee wa punda, kuna ubeti hakuusikia vizuri. Mama Kanana alijibu "sawa, mzee" kwa upole ambao hakuwa nao, akakimbilia jikoni na miguu yake mibovu, na nilipomfuata nilimkuta analia ndani ya leso, anacheka, anapanga vikombe kwenye misumari isiyo yao.

Ireri alikuja kwa baba yangu na asali, kibuyu kizima, mikono imejaa alama za nyuki. Mwaka uliofuata mvua kubwa zilikata barabara, nikahamishiwa shule ya kwetu, tukaoana. Jumapili za Mikinduri ziliendelea bila mimi kwa miaka mingi, na kila nilipokwenda nilipewa birika mlangoni, kana kwamba nilikuwa nimetoka tu kuchota maji.

Wiki iliyopita tulimzika. Baada ya kutoka makaburini tulirudi sebuleni, na kila kitu kilikuwa pale pale, marehemu wa picha bado anasubiri jino, vikombe bado vinaning'inia. Changu kilikuwa kwenye msumari wake, mtu amekiosha. Karibu na dirisha alikaa Karwitha wa Laare, mkongwe sasa, vidole vyake vya haraka vimepinda. Aliniita nikae karibu naye, akanishika mkono, akauliza habari ya watoto, kisha akacheka peke yake.

"Mwalimu, sasa amekwenda, wacha nikwambie. Ile ncoolo, ni yeye alituma nifunge."

"Nani?"

"Huyu tumezika leo. Alikuja mpaka Laare na hiyo miguu. Akaniambia, Jumamosi atalala kwako kijana wa gita, akitoka mpatie ya kufungwa vizuri, usimwambie kitu. Maskini kijana! Aliniuliza mbona nimeifunga kama mtoto mchanga."

Nilimwuliza kwa nini, kwa nini ahatarishe sebule yake, na kitu chenyewe kingeweza kuharibika kabisa.

"Hata mimi nilimwuliza hivyo," Karwitha akasema. "Alisema anakusikia jioni kupitia mbao, ukiosha vikombe, ukiimba wimbo wa kijana siku hayupo. Alisema, Karwitha, huyu mtoto ataimbia vikombe mpaka azeeke. Sebule ikifungwa, nitarudi jikoni, jikoni napajua."

Nililia basi, bila kujificha, na Karwitha akanipigapiga mkono. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa sebule, amekaa pale pale penye kochi la mlango wa jikoni, mvi tupu, anakaza waya. Aliniona, akainuka, akaja na gita mkononi.

"Karwitha anakuambia nini, mpaka unalia hivyo?"

Nilimtazama, mtu wangu, aliyepakata mzigo asioujua njia nzima na suruali ikamlowa. "Anasema ulijua," nikamwambia.

Uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyeshinda kesi. "Si nimekuambia miaka yote?" akasema. "Nilijua!"

"Ulijua," nikasema. Karwitha akageukia dirishani, mabega yanatetemeka. Nilikwenda kwenye ukuta, nikatoa kikombe changu cha bluu msumarini, nikakijaza chai, nikampelekea pamoja na sahani ya ndizi. Akataka kuanza kuimba. Nikamwambia ale kwanza.